USIKU WA KUTAZAMA NYOTA: KWA NINI PAROKIA IJIHUSISHE?

Mada hii ilitolewa katika semina ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili. Mtoa mada ni mwalimu wa shule ya sekondari, ambaye pia ni mwanachama wa klabu ya wapenzi wa elimu ya nyota. Tumeichapa karibu yote kama ilivyotolewa, kwa kuwa wajumbe wengi waliomba nakala.

Nimeambiwa nina nusu saa, na kwamba chakula kiko tayari jikoni. Nitajitahidi nisiwe chanzo cha wali kupoa.

Kabla sijaja hapa, katibu mmoja wa kamati alinitumia ujumbe. Aliniandikia hivi: "Mwalimu, sisi kisima chetu kina pampu mbovu, na zahanati haina umeme. Kwa nini tukae kikao kujadili nyota?" Naomba nianze na swali hilo, maana ni swali la haki, na naamini si yeye peke yake aliye nalo humu ndani.

Jibu langu ni kwamba usiku wa nyota hauchimbi kisima. Wala klabu yetu haitaki hata shilingi moja ya kisima. Ninachokuja kuwaomba leo ni uwanja, benchi, taa zizimwe kwa saa mbili, na uamuzi mmoja ambao nitaueleza mwishoni. Uamuzi huo unahusu macho ya watoto wetu. Naomba mnivumilie hadi tufike huko.

KLABU YETU NI NINI

Sisi si wataalamu wa vyuo vikuu. Ni walimu, muuguzi mmoja, fundi redio, mkulima wa kahawa, na vijana wachache waliomaliza kidato cha nne. Kilichotukutanisha ni kupenda kutazama juu. Duniani kote wapo watu wa namna hii, na mchango wao si mdogo. Wapo watu wa kawaida waliogundua vimondo vyenye mkia na nyota zinazolipuka, wakiwa uani kwao usiku baada ya kazi za mchana.

Desturi ya kutoa darubini nje ili kila mpita njia atazame bure ilivuma sana kutokana na mtu mmoja aitwaye John Dobson, wa mji wa San Francisco nchini Marekani. Alikuwa mtawa katika shirika lenye asili ya dini ya Kihindu kwa zaidi ya miaka 20. Akiwa utawani alijifunza kutengeneza darubini kwa vitu vilivyotupwa: vioo vya madirisha ya meli, maboksi magumu ya mviringo na mbao. Alitoka utawani mwaka 1967, na mwaka 1968 yeye na vijana wachache wakaanzisha kikundi cha kusimamisha darubini kando ya barabara na kuwaita watu waje watazame. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 98. Aina ya darubini aliyoieneza, yenye kioo kikubwa na kisanduku cha mbao, leo inatumiwa na vilabu vingi duniani kwa sababu ni rahisi na fundi seremala yeyote anaweza kutengeneza kitako chake. Kitako cha darubini yetu kilitengenezwa na fundi anayetengeneza pia mabenchi ya kanisa.

Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Elimu ya Nyota, kwa kuwa ilitimia miaka 400 tangu Galileo Galilei aelekeze darubini angani. Usiku wa namna hii ulifanyika katika nchi nyingi, na vilabu vingi vimeendelea nao hadi leo.

USIKU WENYEWE UNAVYOKWENDA

Nawaeleza utaratibu, ili kamati itakayotaka kutualika ijue inaalika nini.

Tunachagua siku ambayo mwezi una umri wa siku saba au nane tangu kuandama. Wengi hudhani mwezi mpevu ndio mzuri. Sivyo. Mwezi mpevu unamulika kama taa ya uwanja wa mpira, unazimisha nyota, na wenyewe hauonyeshi vivuli. Mwezi wa nusu unakuwa juu karibu na utosi jua linapotua, na pale panapogawa mwanga na giza, milima na mashimo yake hutoa vivuli virefu. Mtu anayatazama na kuona kabisa kwamba ile ni nchi yenye mabonde na miinuko.

Kwetu huku karibu na Ikweta jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja, na giza huingia upesi. Saa moja na nusu tunaanza. Kwanza mwanaklabu mmoja anatoa maelezo ya dakika kumi na tano, si zaidi. Kisha foleni. Hapa pana hesabu ambayo kila kamati inapaswa kuifanya mapema: ukiwa na darubini moja na watu 120, kila mtu akitazama dakika moja, foleni itachukua saa mbili kamili. Kwa hiyo wanaosubiri lazima wawe na kazi. Tunawagawa katika vikundi, kila kikundi na mwanaklabu mmoja, nao wanajifunza kutambua nyota kwa macho matupu na kwa darubini ndogo za macho mawili. Watoto wadogo na wazee hutangulia kwenye foleni. Saa tatu na nusu tunafunga kwa sala, na watu wanaondoka kwa makundi ya jumuiya zao ndogo ndogo, kila jumuiya ikihesabu watu wake kama ilivyowahesabu wakati wa kuja.

Wanaona nini? Wanaona mashimo ya mwezi, ulio umbali wa kilometa 384,000 hivi. Kama sayari ya Mshtarii iko juu, wanaona miezi yake minne, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610, imepangwa mstari kama shanga. Kama Zohali iko juu, wanaona pete yake, na hapo ndipo penye kelele. Kila mtu husema neno moja. Wengine husema "Mungu wangu!", na wengine huzunguka mbele ya darubini kuangalia kama tumebandika picha.

Kisha tunawaeleza habari ya mwanga. Mwanga wa mwezi hutufikia kwa sekunde moja na kidogo. Wa jua, kwa dakika nane na sehemu. Wa Alfa Kentauri, ile nyota angavu inayoelekeza kwenye Msalaba wa Kusini, kwa zaidi ya miaka minne. Mtoto wa darasa la tano aliwahi kuniuliza, "Kwa hiyo mwalimu, ule mwanga ulitoka kule nikiwa chekechea?" Nikamwambia ndiyo. Alikaa kimya muda mrefu. Mimi nimefundisha fizikia miaka mingi, na ukimya wa namna ile darasani nimeupata mara chache.

KILIMIA NI CHETU

Wapo wanaosema elimu hii ni ya Wazungu. Naomba tukumbushane.

Kuna kishada cha nyota ndogo zilizosongamana, ambazo mtu mwenye macho mazuri huhesabu sita au saba. Kwa Kiswahili kinaitwa Kilimia. Jina lenyewe linatokana na kulima. Wazee walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huo haukuwa mchezo wa maneno. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, Kilimia hushuka magharibi pamoja na jua na kupotea kwa majuma kadhaa. Huo ni wakati wa masika katika sehemu nyingi za pwani na kaskazini. Kinapoonekana tena alfajiri upande wa mashariki, mwezi Juni, masika imekwisha au inakwisha. Bibi zetu walikuwa na kalenda angani, haikuhitaji betri wala kununuliwa kila Januari.

Tena walipotafsiri Biblia kwa Kiswahili, jina hilo hilo liliingia. Fungueni kitabu cha Ayubu sura ya 38, aya ya 31, au Amosi sura ya 5, aya ya 8, katika tafsiri ya Union. Mtakikuta Kilimia. Vijana wetu wengi wamelisoma neno hilo kanisani bila kujua kwamba wakitoka nje usiku wa Januari na kuangalia juu, wanaweza kukionyesha kwa kidole.

Na si mambo ya kale tu. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina Uhuru. Neno letu limo katika vitabu vya elimu hiyo dunia nzima. Na wale waliofika Mbozi, mkoani Songwe, wamekigusa kwa mikono kimondo cha chuma chenye urefu wa meta tatu hivi, ambacho ni miongoni mwa vikubwa vinavyojulikana duniani. Anga ilishatutembelea nyumbani.

MASWALI YA IMANI

Katika parokia moja tulikaribishwa vizuri, lakini siku mbili kabla ya tukio maneno yakaenea kwamba tunakuja kufundisha unajimu. Mama mmoja wa jumuiya akasema hawezi kumpeleka mtoto wake kwa wapiga ramli. Baba Paroko hakumkemea. Alituita, akatuuliza mbele yake: "Ninyi mnasema nyota zinaamua mambo ya mtu?"

Tulijibu, na ndivyo tunavyojibu kila mahali: hapana. Kutabiri ndoa, biashara na bahati kwa nyota ni kitu kimoja, na kuchunguza nyota ni nini, ziko mbali kiasi gani na zinakwendaje ni kitu kingine. Cha kwanza Kanisa linakikataa, na sisi pia tunakikataa, kwa kuwa hakina ushahidi. Cha pili Kanisa linakifanya lenyewe. Vatikani ina kituo chake cha kuchunguza nyota, kilichoundwa upya na Papa Leo wa 13 mwaka 1891, na wanasayansi wake, wengi wao Wajesuiti, wanafanya kazi Castel Gandolfo na pia Arizona nchini Marekani. Kalenda tunayoitumia ilitengenezwa mwaka 1582 chini ya Papa Gregori wa 13 kwa msaada wa wataalamu wa nyota. Hata tarehe ya Pasaka inatokana na mwezi: ni Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kalenda ya Kanisa unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Na mtu aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, kisha mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kutoka hali ndogo iliyosongamana sana, alikuwa padre wa Ubelgiji, Georges Lemaître.

Yule mama akauliza, "Na yule mzee waliyemfunga?" Alimaanisha Galileo. Hilo nalo hatulifichi. Galileo alihukumiwa mwaka 1633, akaishi kifungoni nyumbani kwake hadi alipofariki. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri hadharani kwamba waliomhukumu walikosea. Tunawaeleza vijana vyote viwili, maana kijana akigundua baadaye kwamba ulimficha nusu ya habari, hatakuamini hata kwa ile nusu nyingine.

Mama yule alikuja na watoto wake watatu.

Niongeze jambo moja. Katika usiku wetu mmoja, wazee wa msikiti wa jirani walifika. Wenzetu Waislamu hufuatilia mwezi mwandamo kila mwezi, na wanajua kuusoma kuliko wengi wetu. Tulimwomba mzee mmoja awaeleze watoto jinsi hilali inavyotafutwa magharibi baada ya jua kutua. Alieleza kwa dakika tano, vizuri kuliko mimi ningeeleza kwa saa nzima. Watu waliokuwa wakisalimiana kwa mbali walisimama foleni moja. Sisemi kwamba darubini inaleta amani. Nasema tu kwamba usiku ule walisimama foleni moja.

MAKOSA TULIYOYAFANYA

Wafadhili wetu wamezoea kusikia mafanikio. Naomba leo wasikie na makosa, kwa kuwa ndiyo yatakayowaokolea fedha.

Kosa la kwanza: usiku wetu wa kwanza kabisa ulifanyika wakati wa mwezi mpevu, tena kukiwa na wageni rasmi watano, na kila mmoja akapewa nafasi ya kusema machache. Machache yalichukua saa moja na nusu. Watoto walilala kwenye nyasi. Tangu hapo mgeni rasmi hutoa neno lake akiwa kwenye foleni.

Kosa la pili: hatukufikiria njia ya kurudi nyumbani. Wasichana wawili walibaki peke yao kwa sababu kila jumuiya ilidhani wako na jumuiya nyingine. Walifika salama, Mungu ashukuriwe, lakini mama zao hawakulala hadi saa sita usiku, na walikuwa na haki ya kutukasirikia. Kule kuhesabu watu niliyokutajia mwanzoni kulitokana na usiku ule.

Kosa la tatu si letu, ila tunalikuta mara kwa mara. Katika shule moja ambayo sitaitaja, kulikuwa na darubini nzuri sana ya msaada. Ilikuwa imekaa ndani ya boksi lake, stoo, miaka mingi. Mwalimu aliyeipokea alihamishwa. Maelezo yalikuwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeisoma. Motori ilihitaji betri ya aina isiyopatikana wilayani. Tulipoifungua, ukungu ulikuwa umeshaota kwenye lenzi. Aliyeitoa alitoa kwa moyo mwema, na yawezekana hadi leo anaamini watoto wanaitumia.

Kwa hiyo nasikia kwamba kuna pendekezo mezani la kununua darubini moja kubwa ya kisasa kwa ajili ya jimbo. Natamka hili kwa heshima, na huku nikijua kwamba mtu wa klabu ya nyota kukataa darubini ni kama samaki kukataa maji: naomba msiinunue. Fedha hizo zinunue darubini za macho mawili, zile zenye namba 10x50, maana yake zinakuza mara 10 na lenzi zake zina upana wa milimita 50. Hazina motori wala betri. Zinaonyesha mashimo ya mwezi, miezi ya Mshtarii ukiegemea vizuri ukutani, na Kilimia kikiwa na nyota nyingi ajabu. Kila shule ipate moja au mbili, na walimu wawili katika kila shule wafundishwe kuzitumia na kuzitunza. Wawili, si mmoja, kwa sababu mmoja atahamishwa.

MZEE NA JICHO LAKE

Sasa nafika pale nilipowaahidi.

Katika parokia moja alikuja katekista mstaafu, mzee wa makamo ya babu yangu. Zamu yake ilipofika aliinama, akatazama, akasema, "Mwalimu, hamna kitu." Nikarekebisha. Akatazama tena. "Hamna kitu. Kuna doa tu." Nikaangalia mwenyewe, Zohali ilikuwa katikati kabisa. Kisha nikamwomba atumie jicho la kushoto. Akatazama. Akanyamaza. Akashika bomba la darubini kwa mikono yote miwili, jambo ambalo huwa tunalikataza, lakini sikuwa na moyo wa kumkataza.

Baadaye alinieleza. Alipokuwa kijana jua lilipatwa. Wakachukua kipande cha chupa, wakakifukiza moshi wa kibatari, wakatazama kwa jicho moja moja. Hakusikia maumivu yoyote. Kesho yake akaona kuna doa katikati ya jicho la kulia, na doa lile halijaondoka hadi leo. Akifungua kitabu kwa jicho hilo, anaona pembeni mwa ukurasa, ila neno analotaka kulisoma halionekani. Akaniuliza, "Kwa nini hatukuambiwa?" Sikuwa na la kumjibu.

Ndugu zangu, tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa, likafunikwa lote kwa muda mfupi Pakwach nchini Uganda na Turkana nchini Kenya. Tarehe 1 Septemba 2016 lilipatwa kwa umbo la pete, na watu wengi walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, kulitazama. Na Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027 ni zamu nyingine. Siku hiyo mwezi utalifunika jua lote katika ukanda unaopita kusini mwa Hispania, kaskazini mwa Afrika, Misri, Saudi Arabia, Yemeni na ncha ya Somalia. Huku Kenya na Tanzania litaonekana limemegwa sehemu tu, wakati wa mchana.

Hiyo "sehemu tu" ndiyo ya hatari. Jua likifunikwa lote, giza huingia, na kila mtu anajua kuna jambo. Likimegwa sehemu, mchana unaendelea kuwa mchana, jua bado ni kali, na mtoto aliyesikia redioni kwamba jua linapatwa atainua uso atazame kwa macho yake. Sehemu ya ndani ya jicho inayopokea picha haina mishipa ya kusikia maumivu. Inaungua kimya kimya. Mtoto hatalia. Atajua kesho yake.

Naomba mkayaseme haya katika kila jumuiya. Kioo cha moshi hakifai. Picha za eksirei za hospitali hazifai. Miwani ya jua ya kawaida haifai, hata ukivaa miwili. Filamu za kamera hazifai. Kutazama jua ndani ya beseni la maji, kama wengi tulivyofundishwa, nako si salama. Na kamwe mtu asilitazame jua kwa darubini isiyo na kichujio maalumu mbele yake, kwani ni kufumba na kufumbua, jicho limekwisha.

Inayofaa ni miwani maalumu ya kutazamia jua iliyothibitishwa kwa kiwango cha ISO 12312-2, isiyo na mikwaruzo wala matundu. Na ipo njia isiyo na gharama kabisa: toboa tundu dogo kwenye kadi ngumu, lipe jua kisogo, acha mwanga upite kwenye tundu uangukie kwenye karatasi nyeupe. Utaona picha ndogo ya jua likiwa limemegwa. Hata chini ya mwembe, mianya ya majani hufanya kazi hiyo hiyo, na ardhi yote hujaa vijua vidogo vilivyomegwa. Watoto huvipenda kuliko miwani.

OMBI LANGU

Nimalizie kwa mambo matatu, nikiomba yaingie katika kumbukumbu za kikao hiki.

Kwanza, kila parokia iteue walimu wawili au makatekista wawili wafundishwe na klabu kuhusu kutazama jua kwa usalama, na tangazo la usalama lisomwe kanisani na shuleni mapema kabla ya tarehe 2 Agosti 2027. Hili halihitaji mfadhili. Linahitaji kadi, pini na mtu wa kusema.

Pili, parokia zinazoweza zipange angalau usiku mmoja wa nyota kwa mwaka kati ya Juni na Septemba, wakati wa kiangazi ambapo anga huwa safi. Sisi tutakuja na darubini yetu. Ninyi mtuandalie uwanja, mabenchi, choo kilicho wazi, na watu wa kuhesabu watoto. Akina mama wa WAWATA wakitupatia chai, hatutakataa.

Tatu, wafadhili wetu, kabla ya kutoa kifaa chochote, ulizeni swali moja: nani atakitumia akihamishwa yule wa kwanza? Swali hilo linafaa kwa darubini, na nadhani linafaa pia kwa pampu ya kisima. Ndugu yangu katibu uliyeniandikia, hapo naona mambo yetu mawili yanakutana: pampu yako na ile darubini ya stoo zimekufa ugonjwa mmoja.

Yule mzee katekista sasa huja kila tukienda upande ule. Hatazami tena, anasema ameshaona. Anakaa kwenye benchi karibu na foleni na kuwaambia watoto habari ya jicho lake, mmoja mmoja, na kila mtoto anamfumbia jicho moja kuonyesha ameelewa. Sisi tuna vipeperushi, lakini yeye anatushinda.

Mungu aliyeziumba nyota na kuzijua zote kwa majina azibariki kazi za mikono yenu.

Tumsifu Yesu Kristo!